Shahidi, Walii na Mtakatifu: Mauti ya Mombasa ya 1631 na Maneno ya Utakatifu katika Kiswahili

Anayetoka Ngomeni na kuishika Ndia Kuu huingia katika njia ambayo katika karne ya 17 ilipita kati ya makao ya Wareno wa Mombasa. Jina lake la leo limehifadhi matamshi ya Kimvita, ndia kwa njia. Jina waliloipa Wareno halimo tena katika vinywa vya watu. Tarehe 16 Agosti 1631 yalianza katika Ngome ya Yesu na katika mtaa huo mauaji yaliyoendelea kwa siku kadhaa, na yalipokwisha watu wapatao mia tatu walikuwa wamekufa: takriban nusu yao Wareno, wake kwa waume na watoto, na nusu Waafrika waliobatizwa. Mwaka uliofuata mashahidi waliitwa mbele ya wakuu wa Kanisa wasimulie habari za vifo hivyo, ili wale waliokufa nao watangazwe kuwa mashahidi. Neno moja limetumika hapa mara mbili, na maana zake mbili ndizo zinazobeba mjadala wote unaofuata.

Wanaoulinganisha Ukristo na Uislamu kuhusu watu wateule wa Mungu wamezoea kuanzia kwenye miujiza na makaburi. Huko hakuna tofauti ya kutosha kumshughulisha mtafiti. Mtakatifu wa Wakatoliki na walii wa Waislamu wote wawili husemwa kwamba dua zao hupokewa, kwamba wagonjwa hupona kwa baraka zao, kwamba hujua yaliyo mbali, na kwamba makaburi yao hayafanani na makaburi mengine. Tofauti yenye uzito imo katika swali la kiserikali zaidi: ni nani mwenye mamlaka ya kushuhudia kwamba fulani ni mteule, na ushahidi huo huwekwa wapi? Tukio la 1631 linafaa kwa kulipima swali hili kwa sababu lilitokea katika mji mmoja, kati ya watu waliofahamiana, na kwa sababu mtu aliyelianzisha alikuwa amezifuata dini zote mbili.

Mtu huyo alikuwa Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa na Malindi. Baba yake, Sultani Hasan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1614 na watu wa bara aliowakimbilia baada ya kukosana na nahodha wa Ngome. Waliomuua walikuwa wamelipwa na Wareno, na kichwa chake kilipelekwa Goa. Mtoto naye alipelekwa Goa. Huko alilelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akahudumu katika merikebu za Wareno, akaoa Mkristo, na mwaka 1626 akatawazwa. Alivishwa nishani ya Shirika la Kristo, heshima ya mabwana wa Kireno, na mwaka 1627 akamwandikia Papa Urbano wa Nane barua ya utii. Jina la Papa huyu litarudi.

Wanahistoria kwa kawaida huieleza miaka ya Goa kama miaka ya elimu na ya kutengwa na jamaa. Iliyosahauliwa ni kwamba mtoto huyu alikulia katika mji uliokuwa na mtakatifu wake mwenyewe, tena mwenye mwili. Maiti ya Fransisko Ksaveri, aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea India, ilikuwa Goa tangu 1554, nayo ilisifiwa kwa kutooza. Mwaka 1622 Papa Gregorio wa Kumi na Tano alimtangaza Ksaveri kuwa mtakatifu, na mwaka 1624 mwili wake ulihamishiwa katika kanisa la Bom Jesus. Kwa hiyo Yusuf aliuona utakatifu wa Kikatoliki ukiwa katika kilele chake: kaburi linalotembelewa, amri iliyotoka Rumi, na mji mzima ukijivunia maiti moja. Wakati huohuo baba yake alikuwa na kaburi Mombasa lisilo na kichwa.

Jambo hili si pambo la masimulizi. Kwa mujibu wa habari zilizoandikwa na Wareno, kilichomponza Yusuf ni kwamba alionekana usiku akisali kwenye kaburi la baba yake kwa namna ya Waislamu. Nahodha Pedro Leitão de Gamboa aliarifiwa, akakusudia kumkamata na kumpeleka Goa akahukumiwe. Kusali kaburini hakukuwa kosa, kwani Wareno wenyewe walisali makaburini, na pale Goa walipiga foleni kufanya hivyo. Kosa lilikuwa namna yake. Ziara moja ya kaburi ilisomwa na jamaa mmoja kama wajibu wa mwana kwa mzazi aliyedhulumiwa, na ikasomwa na wengine kama ushahidi wa kuritadi. Yusuf hakungoja kukamatwa. Aliingia Ngomeni na watu wake siku iliyofuata sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, akamuua nahodha kwa mkono wake, akatangaza kwamba amerudi katika Uislamu. Wakristo wengi walikimbilia nyumba ya watawa, na huko hawakuokoka. Waliotakiwa kusilimu walipewa la kuchagua, kutoa shahada au kufa. Miongoni mwa waliokataa alikuwamo binamu wa Yusuf mwenyewe, Dom António wa Malindi, na kukataa kwake ndiko kunakolifanya tukio hili lisiweze kuelezwa kama vita vya wenyeji na wageni tu.

Kanisa halikukawia. Mnamo 1632 baraza la uchunguzi lilikusanya ushahidi wa watu waliookoka na waliosikia, likiwa na waandishi walioapishwa na orodha ya maswali. Kwa sheria ya Kanisa, kifodini huthibitishwa kwa masharti mawili makubwa: aliyekufa awe amekikubali kifo kwa ajili ya imani, na aliyemuua awe ameua kwa kuichukia imani hiyo. Sharti la kwanza lilikuwa jepesi kwa mashahidi wa 1632, nao walilirudia tena na tena. La pili ni zito kuliko walivyolichukulia. Je, Yusuf aliuchukia Ukristo, au aliwachukia waliomuua baba yake, wakamnyang'anya mapato ya ufalme, wakamdharau katika mji wake? Mtu aliyemwandikia Papa mwaka 1627, akaua watawa mwaka 1631, hakubadilisha itikadi tu. Hata hivyo hoja ya siasa nayo isipite kiasi. Anayetaka kisasi cha mali na baba hana haja ya kumtaka mtoto wa watu atoe shahada kabla ya kumuua. Sharti hilo la shahada ndilo lililowapa wachunguzi nguvu, na kwa maoni ya makala haya waliliona sawasawa.

Kesi hiyo ilifika wakati mgumu. Tangu 1588, miaka mitano kabla ya jiwe la kwanza la Ngome ya Yesu kuwekwa, Papa Sisto wa Tano alikuwa ameunda idara ya Ibada iliyopewa kazi ya kuchunguza madai ya utakatifu. Kisha Papa Urbano wa Nane, yuleyule wa barua ya 1627, akakaza zaidi kwa amri za 1625 na 1634. Yeyote asiyetangazwa na Rumi alikatazwa kuheshimiwa hadharani kama mtakatifu: asichorwe na nuru kichwani, asiwekewe taa kaburini, miujiza yake isichapishwe bila kibali. Kabla ya hapo maaskofu na watu wa miji walikuwa na nafasi kubwa ya kuanzisha heshima, na Rumi ikathibitisha baadaye. Tangu hapo mambo yaligeuzwa: kwanza faili, halafu taa. Wafu wa Mombasa walikuwa na faili. Hawakuwahi kupata taa, na hadi leo hawajatangazwa hata kuwa wenyeheri. Mwaka 1980 Freeman-Grenville alichapisha hati za tukio hilo katika kitabu chake juu ya maasi ya Mombasa, zikaanza kusomwa na wanahistoria, ambao si waumini wanaotafuta mwombezi.

Upande wa pili hauna faili hata moja. Uislamu wa Sunni hauna idara ya kutangaza mawalii. Sura ya Yunus inawataja mawalii wa Mungu kwamba hawana hofu wala huzuni, na kwamba ni wale walioamini na kumcha Mungu. Haisemi ni kina nani. Wanavyuoni walitofautisha muujiza, ambao ni wa mitume na hutolewa kama hoja ya utume, na karama, ambayo Mungu humpa walii naye aghalabu huificha. Walii anayejitangaza amekwisha kujitilia shaka. Kwa hiyo kazi ya kumtambua huachiwa walio karibu naye: wanafunzi, majirani, wasafiri waliolala nyumbani kwake, wanawake waliompelekea watoto wagonjwa. Neno lenyewe lasema hivyo. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kuwa karibu, kuambatana, kusimamia. Katika Kiswahili mzizi huo umezaa walii wa Mungu, walii wa bibi arusi anayesimamia ndoa yake, na liwali aliyeitawala pwani kwa niaba ya Sultani. Watatu hao wana ujirani na dhamana, na si ajabu kwamba mwenye shida hajali sana ni mlango wa yupi anaobisha kwanza.

Mombasa yenyewe imejengwa juu ya jina la namna hii. Shehe Mvita, ambaye mapokeo humweka katika asili ya mji na ya Thenashara Taifa, hana tarehe ya kuzaliwa inayokubalika, hana maandishi, wala hapana mwandishi aliyeapishwa kumhoji yeyote juu ya karama zake. Ana kaburi kisiwani, na jina lake ndilo jina la mji. Huko Lamu, Habib Saleh bin Alwi Jamal al-Layl, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyefariki mwaka 1935, alitambuliwa kwa kufundisha wasiofundishwa, kwa matibabu, na kwa Maulidi ya msikiti wa Riyadha, ambayo yameendelea kuvuta wageni kutoka pwani yote. Kuna hata mfano wa kuyumba kwa utambuzi huu. Mnara wa matumbawe wa Mbaraki, kusini mwa kisiwa, ulijengwa mapema katika karne ya 18 kando ya msikiti wa zamani, na watu wakawa wakipeleka humo marashi kwa ajili ya aliyesemwa kukaa ndani, ambaye kwa kauli iliyoenea ni jini. Hapo hapana mtu wa kupanga mipaka kati ya mzimu na ziara, ila wanavyuoni kwa kalamu zao.

Nao waliitumia kalamu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la al-Islah mwaka 1932 mjini Mombasa, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipinga vikali mazoea aliyoyaona hayana asili katika dini, yakiwamo ya kuwataka waliokufa haja. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy (1912–1982), naye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na katika kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki aliwaandikia wasifu kwa walimu wao, wanafunzi wao na miaka ya kufa kwao. Msomaji anayetarajia karama humo atatoka na silsila za masomo. Ni namna ya kuweka faili, ingawa haikukusudiwa kumtangaza mtu; mwanachuoni hushuhudiwa na aliyemsomesha na aliowasomesha.

Ugomvi wa warekebishaji hawa na wapenda ziara unaweza kuelezwa wote kwa sarufi, na hapa mwanafunzi wa lugha ana la kusema kuliko mwanafunzi wa dini. Kitenzi ni omba. Kumwombea walii, yaani kumsomea Fatiha na kumtakia rehema, hakuna anayekukataza. Maiti yeyote wa Kiislamu huombewa. Kumwomba walii, akiwa yeye ndiye mtoaji, hakuna mwanachuoni anayekuhalalisha. Hiyo ni shirki. Mgogoro uko katikati: kumwomba Mungu kwa jaha ya walii, au kumtaka walii akuombee. Kiambishi kimoja cha kutendea huamua kama mtu yumo katika sunna au ametoka. Mkatoliki anasimama juu ya kiambishi hichohicho. Katika litania yake hamwombi mtakatifu ampe, bali amtaka amwombee, na wanateolojia wake humkaripia anayesahau. Ila ipo tofauti ya mwelekeo. Mkatoliki akishatangaziwa mtakatifu huacha kumwombea, kwa kuwa Kanisa limethibitisha kwamba yuko mbinguni. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye anayeombewa na mtakatifu. Mwislamu hawezi kuacha. Hata kwa Shehe Mvita Fatiha husomwa, kwa sababu hapana aliyepewa uwezo wa kusema kwamba haihitajiki tena.

Msamiati uliochaguliwa na wamisionari umezifunika tofauti hizi. Mtakatifu ni neno la asili ya Kibantu, kutoka takata, kuwa safi, kama mbingu ikitakata baada ya mvua. Waislamu hulitumia kwa Kitabu na kwa mahali, na si kwa mtu. Katika Biblia za Kiswahili watakatifu ni waumini wote wa Efeso au Korintho, kama alivyowaita Paulo, na Waprotestanti wa Mombasa wamebaki na maana hiyo pana. Kanisa lao la Kumbukumbu la 1905 liliwekwa kwa ukumbusho wa Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na Waanglikana humkumbuka kila tarehe 29 Oktoba pasipo kesi wala hukumu. Kwa namna hiyo wako karibu na Waislamu kuliko wanavyodhani. Kwa Mkatoliki mtakatifu ni cheo, na chini yake kuna mwenyeheri, ambalo ni nusu Kibantu na nusu Kiarabu.

Ila kwa shahidi hapakuwa na la kuficha. Neno la Kiyunani waliloanzia Wakristo lina maana ya mtoa ushahidi, la Kiarabu vilevile, na Waganda nao wakasema Abajulizi, kutokana na kushuhudia. Wakatoliki 22 waliouawa Buganda kati ya 1885 na 1887 walitangazwa wenyeheri mwaka 1920 na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na Kiswahili kiliwaita Mashahidi wa Uganda. Waislamu waliouawa na Kabaka Mutesa miaka kumi hivi kabla yao kwa kukataa kumtii katika mambo ya dini nao ni mashahidi, kwa neno lilelile, bila amri ya yeyote. Baadhi ya waandishi wa Kikatoliki, labda kwa kuona neno limejaa, walipendelea mfiadini, na kifo chenyewe kifodini. Ni undaji mzuri, nao umetumia tena kauli ya kutendea, kufa na kufia. Lakini umepoteza kitu. Anayefia dini ametoa uhai. Shahidi ametoa kauli, na kauli huhitaji msikilizaji. Ndipo shahada ya Kiislamu, shahada ya mahakamani, na hata shahada za vyuo vikuu zinapokutana. Wakristo wa Ndia Kuu walitakiwa kutoa shahada, wakakataa, wakaitwa mashahidi. Kireno kilichoandika habari hizo hakingeweza kuusema mkasa huu kwa mzizi mmoja. Kiswahili, lugha ya nusu ya waliokufa, kingeweza, nacho hakikuulizwa. Sauti zao zimetufikia kwa kalamu ya Goa, zikiwa zimekwisha kutafsiriwa.

Linabaki swali la Yusuf. Mtu aliyeurudia Uislamu, akawashinda makafiri katika ngome yao, akastahimili mwanzoni mwa 1632 mazingiwa ya merikebu kutoka Goa, kwa nini hakuwa walii, wala hata shujaa wa kuzuriwa? Dini yake si kizuizi. Alikufa Mwislamu, mwaka 1638, karibu na Jidda. Jibu lililo karibu ni kwamba mwaka huohuo wa 1632 aliibomoa Ngome, akapanda merikebu, akaondoka, na Wareno walirudi wakawakuta wenyeji bila ngao. Faili lingeweza kumfuata mtu baharini. Utambuzi wa majirani hauwezi. Walii hana budi kuwa karibu, kama neno lake lisemavyo, na kaburi lake liwe mahali ambapo mama mwenye mtoto mwenye homa anaweza kufika na kurudi kabla ya magharibi. Hivyo tukio moja lilizalisha wafu wenye ushahidi wasio na kaburi la kuzuriwa, na mshindi mwenye kaburi katika nchi ya watu.

Juu ya lango la Ngome ya Yesu yapo maandishi ya Kireno ya mwaka 1639, ya nahodha Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika cheo mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Jiwe linasimulia kwamba aliijenga upya Ngome, akawatiisha watu wa pwani walioasi pamoja na mfalme wao dhalimu, akazibomoa kuta za Pate na Siyu, akawaua wakuu wa Pemba, na kwamba kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuvishwa vazi la Shirika la Kristo, lilelile alilovishwa Dom Jerónimo. Mfalme hatajwi kwa jina. Wafu wa 1631 hawatajwi kabisa.